Majibu 31 kwa swali moja: kisa cha mwalimu wa hisabati na kundi lake la mtandaoni

Ujumbe uliingia kwenye grupu Jumanne saa 4:12 usiku, wiki ya tano ya muhula. "Habari za usiku walimu wangu. Samahani kwa kuwasumbua saa hizi. Darasa langu la kipindi cha sita hawanisikii kabisa. Nifanyeje?"

Nilipoamka alfajiri nilikuta majibu 30. Badilisha wanavyokaa. Waite wazazi. Teua kiranja kwa kila safu. Nyamaza mpaka wanyamaze. Usicheke nao muhula mzima. Mtoe mmoja nje, wengine watashika adabu. Wape zoezi gumu wakose muda wa kelele. Wape zoezi rahisi wasikate tamaa. Mmoja alituma picha ya kanuni kumi za darasa, zimechapishwa kwa rangi. Mwingine alirekodi sauti ya dakika sita, ambayo mpaka leo sijaimaliza.

La 31 likawa langu: "Pole sana Mwalimu, sote tulipita huko. Jitahidi tu kuwa na msimamo." Nikilisoma sasa, jibu hilo halina kosa la tahajia wala msaada wowote.

Saa 12:40 asubuhi akajibu, "Asanteni sana walimu wangu, nitajaribu," na vikono viwili vya shukrani. Kisha kimya, wiki nzima.

Nakisimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, bila majina wala shule. Mimi nilikuwa mmoja wa walezi wawili wa kundi hilo, na sehemu kubwa ya kilichoharibika mwanzoni kilipitia mikononi mwangu.

Kundi lenyewe lilikuwa dogo: walimu wapya 7, wote mwaka wa kwanza kazini, kila mmoja na shule yake na somo lake. Walezi tulikuwa wawili, mimi niliyefundisha lugha kwa miaka 19, na mwenzangu wa fizikia, mdogo kwangu kwa umri ila ananizidi subira. Tulikuwa na grupu la WhatsApp la kila siku, mkutano wa video wa saa moja kila Alhamisi jioni, na faili moja la pamoja ambamo kila mtu aliweka andalio lake la somo ili wenzake walisome na kuandika maoni pembeni. Kilichotusukuma kulianzisha kinajulikana na yeyote aliyewahi kuripoti shule mpya. Mara nyingi mgeni ndiye mwalimu pekee wa somo lake pale shuleni, na aliyepangiwa kumlea ana vipindi vyake vimejaa mpaka pomoni, kwa hiyo ulezi unaishia kwenye salamu za korido. Mtandaoni angepata wenzake wanaopitia yaleyale, na wakongwe wawili wa kuwauliza. Tuliuita ulezi wa pamoja kwa sababu hatukutaka wakongwe wafundishe na wageni waandike, tulitaka kila mtu awe na cha kutoa.

Usiku ule karibu kila mtu alitoa. Shida ikawa hiyo.

Yaliyotokea ndani ya wiki ile tuliyajua baadaye. Jumatano alibadilisha wanafunzi viti. Ijumaa alimtoa mmoja nje, na yule akaenda kusimama dirishani akiwachekesha waliobaki. Jumatatu alisimama mbele, mikono nyuma, akingoja wanyamaze. Alingoja dakika 11. Jumanne alikuja na kanuni kumi. Wanafunzi si wajinga. Waliona sheria ya Jumatano haikufika Ijumaa, ya Ijumaa haikufika Jumatatu, wakahitimisha wenyewe kwamba hata hii ya leo itapita. Ushauri wa watu wanaomtakia mema ulikuwa umemwondolea kile kidogo alichobakiwa nacho, yaani kutabirika.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja kwenye mkutano wa video, kamera imezimwa. Alisema mtandao unamsumbua. Nikasema sawa, tukaendelea na ajenda.

Kwa nini majibu yalifurika hivyo? Mwaka 1984 mtafiti Simon Veenman alipitia tafiti 83 kuhusu matatizo ambayo walimu wanaoanza kazi huyataja wenyewe, na lililoshika nafasi ya kwanza lilikuwa nidhamu ya darasa. Kwa hiyo mwalimu wetu aligusa kidonda ambacho karibu kila aliyekuwa macho saa hiyo alikuwa nacho. Wenzake walimjibu yeye, lakini ukisoma tena zile jumbe unaona wengi walikuwa wanajiliwaza wenyewe. Nilipowauliza siku nyingine ni ushauri gani kati ya ule walishaujaribu darasani kwao, mmoja alicheka: "Mimi ile ya kunyamaza niliisikia tu chuoni, Mwalimu." Mwingine alikiri kuwa kanuni kumi zilikuwa za mwalimu aliyemfundisha yeye akiwa mtoto.

Jibu hilo la pili si la kupuuza. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1975 kwamba ualimu una namna yake ya uanagenzi: kabla hujasomea kazi, umeshakaa kwenye dawati maelfu ya saa ukimtazama mwalimu. Unaona anachofanya, huoni anachowaza. Umeona kanuni zikibandikwa ukutani. Hukuona wiki tatu ambazo mwalimu alizitumia kuwazoesha wanafunzi kuzifuata. Ndiyo maana ushauri wa ualimu ni mwepesi kuutoa. Kila mtu amewahi kuwa darasani.

Kuna jingine, na hili hatukuliona mpaka mwenzangu alipolitaja. Majibu yote 31 yalihusu cha kufanya baada ya kelele kuanza. Jacob Kounin alirekodi madarasa kwa video na kuyachambua, na alichokichapisha mwaka 1970 kinawashangaza walimu hadi leo: namna mwalimu anavyokemea fujo ikishatokea haikuwatofautisha wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu. Tofauti ilikuwa kwenye mambo ya kabla. Je, mwalimu anaonyesha kwamba anaona kila kona? Je, somo linatiririka, au linaanza, linakatika, linaachwa hewani, linarudiwa? Sisi tulikuwa na mapendekezo 31 ya kuzima moto, na hakuna hata mmoja aliyeuliza umeanzia wapi.

Mwenzangu wa fizikia hakuwa ameandika chochote usiku ule. Nilidhani alilala mapema. Kumbe alisoma yote na kuamua kutojibu, akawa anangoja mwenyewe arudi. Aliposikia kimya kimezidi, Jumatano ya wiki iliyofuata akampigia simu. Mazungumzo alinisimulia hivi:

"Mwalimu, sikupigii kukushauri. Nisimulie tu dakika kumi za mwanzo za kipindi cha jana. Uliingia, ukafanya nini?"

"Niliingia, nikaandika tarehe, halafu wakaanza kelele."

"Kati ya tarehe na kelele?"

Akanyamaza. "Kwa kweli sikumbuki, Mwalimu."

Huo ndio ukweli wa mwaka wa kwanza, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi 46 anaujua. Macho yako yamejaa, masikio yamejaa, na ukitoka umebaki na hisia tu. Tulikuwa tumemwomba aeleze tatizo ambalo hakuwa na namna ya kuliona, kisha tukalitibu kwa maelezo hayo.

Kabla hawajakata simu akasema la pili. Jumanne ile aliyotuandikia, alitoka darasani dakika 15 kabla ya kengele. Alikwenda kusimama kwenye stoo ya vitabu mpaka kipindi kikaisha. Hakuandika hilo kwenye grupu kwa sababu mwalimu wa taaluma wa shule yake yumo.

Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa limejificha. Wiki ya tatu, yule mwalimu wa taaluma aliniomba kwa adabu sana nimwongeze "kwa ajili ya kufuatilia maendeleo". Nikamwongeza, kazi ya kugusa simu mara mbili. Hakuwahi kuandika neno baya; kila alichoandika ni "Hongereni kwa kazi nzuri". Lakini ndiye atakayejaza fomu ya tathmini ya mwalimu huyu mwisho wa mwaka. Andrew Hobson na Angi Malderez walieleza mwaka 2013, wakitumia tafiti zilizofanyika Uingereza, jinsi ulezi unavyoharibika pale mlezi anapogeuka hakimu wa kazi ya anayemlea: mgeni hujifunza haraka nini cha kuonyesha na nini cha kuficha. Mtandaoni jambo hili linazidi ubaya. Ofisini neno likitoka limetoka, angalau linasahaulika. Kwenye grupu linabaki limeandikwa, lina tarehe na saa, na picha ya skrini haihitaji ruhusa ya mtu.

Nilimwandikia mwalimu wa taaluma faraghani, nikamweleza, nikamwomba radhi kwa kumwalika mahali ambapo sikupaswa kumwalika. Alinielewa. Aliuliza tu taarifa atazipata wapi, nikamjibu kwamba atazipata kwa mwalimu mwenyewe, kwa kiasi ambacho mwalimu atapenda kumpa. Sikuwa na uhakika kama jibu hilo lingetosha. Lilitosha.

Wazo la kurekodi kipindi lilikuwa la mwalimu wa hisabati mwenyewe, baada ya ile simu. Tulikubaliana iwe sauti tu. Video ingebeba nyuso za watoto, na ukishakuwa na nyuso za watoto kwenye simu za watu tisa una tatizo kubwa kuliko kelele za kipindi cha sita. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akawaambia wanafunzi kwamba anarekodi ili ajisikilize yeye anavyofundisha. Simu ikalazwa juu ya meza, kioo chini. Rekodi ilibaki kwake. Yeye ndiye angechagua kipande cha kutusikilizisha, na angeifuta mkutano ukiisha. Alileta dakika 9 za mwanzo za kipindi cha Jumanne, wiki ya saba.

Sharti la mkutano alilitoa mwenzangu: nusu saa ya kwanza hakuna ushauri. Ruksa kusema ulichosikia, ukitaja dakika, na ruksa kuuliza. Ukianza sentensi na "ungefanya" au "mimi huwa", unakatwa. Mimi ndiye niliyekatwa wa kwanza.

Kabla ya kubonyeza, alitusimulia habari ya stoo ya vitabu. Alitaka tusikie tukiwa tunajua. Hakuna aliyesema pole. Nadhani ndiyo heshima kubwa tuliyompa muhula ule.

Kisha tukasikiliza. Viti vinaburuzwa. Chaki inagonga ubao. "Toeni madaftari." Sekunde ya 50 anaanza kugawa madaftari ya kazi ya nyumbani aliyosahihisha, akiita jina mojamoja, huku akieleza makosa aliyoyakuta. Majina 46. Kufika jina la kumi na mbili hivi, sauti ya darasa inaanza kupanda kama maji kwenye ndoo. 2:35, "Kimya!" Sauti inashuka, inarudi. "Kimya!" tena, mara nne kwa jumla. Ugawaji unaisha 5:10. Dakika nne na sekunde 20 ambazo watu 45 hawakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja jina la mmoja.

5:10 anaandika mlinganyo ubaoni: 5x + 4 = 3x + 10. Anaanza kueleza. 5:55 anakatisha: "Nani hajapata daftari lake?" Mikono, viti, maneno. 6:20 anarudi kwenye mlinganyo. Kuanzia hapo hadi mwisho wa kipande anauliza maswali 11. Manane anayajibu mwenyewe. Tulipima kwa saa ya simu muda anaoacha kati ya swali na jibu lake mwenyewe, na mara nyingi saa haikufika sekunde moja.

Alipolisikia hilo alijifunika uso. Ikabidi mwenzangu amwambie kwamba hayuko peke yake hata kidogo. Mary Budd Rowe, aliyechunguza ufundishaji wa sayansi katika miaka ya 1970, alipima rekodi za madarasa na kukuta walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na wengi zaidi walijitokeza kujibu bila kuitwa. Nilijipima mimi mwenyewe wiki iliyofuata darasani kwangu. Sitataja nilichopata.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yangu "madaftari, 4:20" na kuipigia mstari mara mbili, nikijiona nimeshaumaliza uchambuzi. Ndipo akaongea mwalimu wa historia, msichana mpole ambaye huomba radhi kabla ya kila sentensi.

"Samahani walimu, mimi hisabati niliiacha zamani. Lakini kwenye 7:40 wamenyamaza. Hujawaambia wanyamaze. Ulifanya nini hapo?"

Turudishe, tukarudisha. Kweli. 7:40 panaingia kimya, si cha kuogopa, ni kimya chenye kalamu ndani yake. Kinadumu sekunde 14. Hakuna mwingine kati yetu aliyekisikia. Sote tulikuwa tunawinda kelele.

Mwalimu wa hisabati alikawia kujibu. "Hapo nilikosea," akasema. "Nilitaka hata kukata rekodi ifike dakika ya saba tu, msisikie."

Alipohamisha 3x kwenda upande wa kushoto alisahau kugeuza alama. Aliandika 5x + 3x = 10 − 4. Mvulana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, alama!" Yeye akauliza, "Alama gani?", swali pekee katika yote 11 ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Na darasa zima likainama kutafuta. Kwa sekunde 14 wanafunzi 46 walikuwa wanafanya hisabati. Halafu akaliona kosa, akafuta haraka, akasema "samahani, tuendelee", na kelele ikarudi mahali pake.

Nimehudhuria mafunzo mengi ya walimu katika miaka 19, mengine ya siku tano na vyeti juu. Sikumbuki lingine ambalo chumba kizima, hata kama chumba chenyewe ni vioo tisa vya simu, kiliona kitu kwa wakati mmoja namna ile. Na aliyekiona alikuwa na miezi michache kazini, katika somo ambalo si lake. Mwalimu mwenzake wa hisabati angesikia kosa la alama. Yeye, kwa kutojua alama, alisikia kimya.

Baada ya hapo ushauri uliruhusiwa, lakini haukuwa mwingi. Ilikuwa wazi nini kijaribiwe, na tukawekeana jambo moja kwa wiki, basi. Wiki ya nane alianza na madaftari. Alitaka ayaweke juu ya madawati kabla ya kipindi, ikashindikana kwa kuwa kipindi cha tano kilikuwa cha mwalimu mwingine humohumo. Akawapa viongozi wa safu wakati wa mapumziko. Siku ya kwanza safu moja ikapoteza madaftari manne. Siku ya tatu ikakaa sawa, na ile "Kimya!" ya dakika ya pili ikatoweka kwa sababu hapakuwa na cha kuinyamazisha.

Wiki ya tisa aliandika ubaoni hesabu iliyokwisha kufanywa, ndani yake kosa moja la makusudi, kabla hata hajasalimia. Ilifanya kazi vizuri mno, mpaka Ijumaa mwanafunzi mmoja akamuuliza mlangoni, "Mwalimu, leo umekosea wapi?" Ujanja ulikuwa umejulikana. Akaugeuza: siku nyingine hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na kazi yao ni kuthibitisha kwamba haina kosa, jambo ambalo lilikuja kuwa gumu zaidi.

Wiki ya kumi ilikuwa ya sekunde tatu. Hiyo ndiyo iliyomtesa. Alituandikia: "Walimu, sekunde tatu ni ndefu kuliko kipindi kizima. Nahesabu vidole nyuma ya mgongo." Aliacha mara mbili, akarudi mara tatu.

Si kila kitu kilikaa. Wavulana wawili wa nyuma waliendelea kama kawaida yao. Mmoja, ilikuja kugundulika, hakuwahi kuelewa namba hasi tangu madarasa ya chini, na fujo ilikuwa pazia lake. Huyo alihitaji mtu wa kukaa naye nje ya kipindi, na kundi la mtandaoni haliwezi kukaa na mtoto. Tulimwambia aende kwa wenzake wa shuleni. Akaenda.

Kama kuna kipimo ninachokiamini cha mabadiliko, ni kitenzi. Wiki ya tano aliandika "hawanisikii". Hicho kiambishi -ni- ndicho kilichobeba habari yote: tatizo lilikuwa yeye na wao. Wiki ya 12 aliandika hivi: "Walimu, 17 kati ya 46 bado hawajaelewa kwa nini alama inageuka. Andalio liko kwenye faili, naomba mlipitie." Kiambishi kimetoka, waliobaki ni wanafunzi na alama. Frances Fuller aliandika mwaka 1969 kwamba wasiwasi wa mwalimu anayeanza huanza kwa nafsi yake, nitaweza, watanipenda, na huchelewa kufika kwa mwanafunzi na anachojifunza. Nimeyasoma mawazo hayo miaka mingi bila kuyaona yakitokea ndani ya neno moja.

Hata hivyo siuzi dawa hapa. Richard Ingersoll na Michael Strong walipokusanya tafiti 15 mwaka 2011, nyingi zilionyesha kuwa walimu wanaolelewa mwanzoni mwa kazi hufaidika. Lakini mwaka 2010 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha walimu wapya 1,009 katika shule 418, wengine wakipewa ulezi wa kina na wengine ule wa kawaida wa shule zao. Kubaki kazini hakukutofautiana. Ufundishaji wao ulipoangaliwa mwaka wa kwanza haukutofautiana. Ila kwa wale waliolelewa miaka miwili mfululizo, ufaulu wa wanafunzi wao ulipanda katika mwaka wa tatu. Sisi tulikuwa na muhula mmoja na rekodi ya dakika 9. Ninachoweza kusema ni kwamba kipindi kimoja cha sita kilitulia kiasi, na mwalimu mmoja hakurudi tena kwenye stoo ya vitabu.

Kwenye kundi lenyewe tulibadilisha machache. Baada ya saa 3 usiku hakuna anayejibu swali la darasani. Anayeuliza anaambiwa "tumekusoma, kesho", kwa sababu ushauri wa saa 4 usiku unafuatwa saa 2 asubuhi bila kutafakariwa. Swali la nidhamu haliletwi bila kipande cha somo, kiwe sauti, andalio au ukurasa wa daftari la mwanafunzi uliofichwa jina. Wakubwa wa shule hawaingii.

Kuhusu mwalimu wa kemia sikubadilisha chochote, kwa kuwa sikujua kwamba kuna cha kubadilisha. Alikuwa mmoja wa wale saba. Usiku wa majibu 31 hakuandika. Karibu muhula mzima hakuandika, lakini alama za bluu zilionyesha amesoma kila ujumbe, na hakukosa mkutano hata mmoja. Mwenzangu aliwahi kuniuliza kama tumfuate. Nikamjibu kitaalamu kabisa: Jean Lave na Etienne Wenger walishaonyesha mwaka 1991 kwamba mgeni hujifunza kazi akianzia pembezoni, kwa kutazama, na kwamba kukaa pembezoni ni ushiriki halali. Tumwache ajongee kwa mwendo wake, nikasema. Nadharia ni sahihi. Niliitumia kama mto wa kulalia.

Muhula ulipoisha aliacha kazi. Alituandikia kwenye grupu, "Asanteni sana walimu, nimejifunza mengi kwenu. Mbarikiwe," akatoka.

Nilirudi kwenye mikutano yetu kutafuta nilichopitwa nacho. Rekodi ya sauti ilikuwa imefutwa kama tulivyokubaliana, ila maandishi ambayo washiriki huchapa pembeni wakati mkutano unaendelea yalikuwa yamehifadhiwa. Ya Alhamisi ile ya wiki ya saba yalikuwa machache: mmoja anasema sauti inakatika, mwingine anaomba kiungo cha faili. Katikati yake, saa 1:06 jioni, wakati mwalimu wa hisabati alipokuwa anasimulia habari ya stoo ya vitabu, mwalimu wa kemia alikuwa ameandika maneno mawili, na hakuna aliyemjibu.

"Hata mimi."